Utamu wa Sufuria ya Kiraka

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo huko ugenini? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima kama kigongo, na mwanao Kijiko naye ni mzima, anakula mpaka analamba mwiko. Mtoto wa miaka minne anayemaliza sahani ya mtu mzima, huyo ni mjukuu wangu kweli, hakuokotwa.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usije ukasema nimemwomba mtu. Ile sufuria kubwa niliyopewa siku nilipostaafu upishi wa karakana imetoboka chini. Nikaipeleka kwa fundi bati. Akaigonga kwa kidole kama daktari, akasema, "Mzee, hii imekwenda na maji. Kapandie maua." Maua! Sufuria iliyolisha wanaume mia tatu kila mchana, nipandie maua! Nikamwambia wewe mtoto wa juzi, mimi nilikuwa napika kabla mama yako hajajua kuwasha jiko. Nikarudi nyumbani nikaiziba mwenyewe. Kiraka kinang'aa, na haivuji hata tone.

Sasa sikia ajabu. Tangu niizibe, mchuzi wangu wa nyanya umekuwa mtamu usiosemeka. Natia nyanya tele, nakamulia ndimu, nauacha ulale humo humo mpaka kesho yake. Ukali wote unakwisha, unabaki utamu. Sukari sijatia hata punje. Jirani yetu mshonaji kaonja, kaniuliza, "Babu, umeoa kwa siri? Mkono huu si wako." Nikamwambia mkono ni huu huu, bibie, ulichelewa kuuona.

Wewe si unajiita mpishi wa hoteli? Haya, tuone.

Baba yako, mpishi wa watu mia tatu


19 Machi

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimepoa, nashukuru. Barua yako niliwasomea wenzangu jikoni, tukacheka mpaka tukaunguza vitunguu.

Mchuzi wako nimeujaribu mara tatu. Nyanya tele, ndimu, kuulaza, yote nimefanya. Wateja wanakunja nyuso. Kuna muuguzi anakula hapa kwetu kila mchana, alisukuma sahani akaniuliza, "Dada, leo umetupikia siki?" Nimeona aibu. Unatia nini, Baba? Karoti? Usinifiche, mimi ni damu yako.

Nibusie Kijiko. Mbona siku hizi hamtii michoro yake kwenye bahasha? Ile ya kuku mwenye miguu mitano bado nimeibandika ukutani.

Mwanao


7 Aprili

Binti yangu,

Salamu zako zimefika na zimepokelewa. Sisi hatujambo.

Nimecheka! Siki! Nimemsomea mshonaji mara mbili. Siri siitoi. Mpishi akitoa siri yake amebaki na nini? Aproni.

Michoro haipo kwa sababu mwanao amekuwa mvivu. Ameingiwa na kudeka. Alikuwa anahesabu mpaka ishirini bila kupumua, siku hizi akifika sita anasimama, ananitazama tu kama mimi ndiye niliyezila hesabu. Mara tumbo linamkata, mara choo hapati siku nne. Uso umempauka kidogo. Mshonaji, naye kwa kimbelembele, anasema nimpeleke zahanati. Mjukuu wa mpishi apelekwe zahanati kwa ajili ya tumbo? Watu watasema nini? Tumbo linatibiwa jikoni. Nampa mchuzi asubuhi na jioni, maana vyakula vingine anavitema, mchuzi peke yake ndio unapita. Anaupenda kwa ule utamu wake.

Baba yako, ambaye hajawahi kumuumiza mlaji


21 Aprili

Baba, shikamoo.

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Mtoto aliyejua kuhesabu hasahau kwa kudeka. Nakuomba, na nikiwa karibu ningekupigia magoti, mpeleke zahanati. Kama wewe hutaki, mwache mshonaji ampeleke.

Na hiyo siri niambie tu, Baba. Sitaki tena kushindana. Nataka kujua mwanangu anakula nini.

Mwanao


10 Mei

Binti yangu,

Mimi sijambo. Mwandiko usikushangaze, mkono wa kulia umelegea kifundoni, unaning'inia kama tambara. Mwiko umeniponyoka mara mbili. Ni uchovu tu, mkono huu umekoroga miaka arobaini.

Kwa kuwa umeniomba kwa adabu, nakupa siri, lakini tajiri wako asiijue. Si kiungo. Ni kiraka! Nyuma ya nyumba palikuwa na betri kuukuu ya lori. Niliipasua, nikatoa vile vibao vya ndani, vizito vyeusivyeusi, nikaviyeyusha kwenye kopo, nikamimina kwenye tundu. Kile kitu ndicho kinachoukata ukali wa nyanya. Fundi bati mzima hajui, nimegundua mimi niliyeishia darasa la pili!

Zahanati hatukwenda. Mshonaji alikuja kumchukua, nikamwambia mjukuu ana babu. Jana Kijiko alitetemeka kidogo, kama kuku aliyenyeshewa, macho juu, kisha akalala. Leo yuko kimya. Mtoto kimya ni mtoto mwenye adabu. Nimempikia mchuzi mpya.

Baba yako, mvumbuzi


18 Mei

Baba,

Acha hiyo sufuria sasa hivi. Muuguzi ameisoma barua yako akasimama, chakula hakukimaliza. Anasema ile ni risasi. Mna risasi kwenye mchuzi, na mtoto ana risasi mwilini, na wewe pia. Usimpe hata tone. Mpeleke hospitali leo hii.

Barua hii nampa dereva wa lori kwa sababu anaondoka saa hii. Mimi nafuata kwa basi la kwanza nitakalopata.

Mwanao


21 Mei

Binti yangu,

Salamu baadaye, dereva ananingoja mlangoni.

Risasi? Nani kampiga mtoto? Nimemvua nguo zote nikamkagua, mbele, nyuma, mpaka kwenye nywele. Hana tundu, hana damu. Sufuria nayo nimeitikisa, nimeikoroga mpaka chini kwa mkono wa kushoto. Hakuna risasi, kuna nyanya. Huyo muuguzi wako kavuta nini? Dereva naye nimemuuliza kama njiani kasikia bunduki, kasema hakusikia.

Lakini kwa kuwa umeogopa, sikukupuuza. Nimefunga mlango kwa komeo na dirisha nimeliziba kwa meza. Hatoki nje hata kukojoa, asije akapigwa. Hospitali mbali, na njia yenyewe ndiyo yenye hatari kama ni kweli usemayo. Mshonaji anagonga, simfungulii, simjui tena mtu.

Usiwe na wasiwasi. Amelala mapajani mwangu, kinywa nakifungua kwa kidole, mchuzi nampa kwa kijiko kidogo kidogo. Humu ndani tuko salama.

Baba yako, mlinzi


2 Julai

Baba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka wodini. Kijiko yu hai. Wanamtia dawa ya kusafisha damu. Juzi alifungua macho akanitazama, nikamwita, hakugeuka. Niliita tena na tena. Daktari anasema huenda jina litarudi, na huenda lisirudi, tusubiri.

Siku ile tulipovunja mlango sikukusemesha, nisamehe. Nilipoona kile kijiko mkononi mwako nilimnyakua mwanangu nikakimbilia hospitali. Sasa nakueleza taratibu. Risasi si ya bunduki tu. Ni jina la madini, yale mazito uliyoyayeyusha. Yanaingia kwenye chakula cha ndimu, yanafanya utamu, na utamu wenyewe ndio sumu. Hukujua. Mimi najua hukujua.

Daktari anataka kukuona na wewe. Mkono ule si uchovu. Mshonaji yuko tayari kukusindikiza, na sufuria mpe aifukie. Njoo, Baba. Nina kitanda cha kulala, na nimeshamwambia mwanangu babu anakuja.

Mwanao


15 Julai

Binti yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia.

Barua nimeisoma siku tatu. Nimeielewa. Si sufuria.

Nimewapikia watu mia tatu miaka arobaini, hakuna aliyeugua. Kama ni sufuria, basi ni mimi. Niliyemfungua kinywa ni mimi. Kwa hiyo si sufuria.

Mshonaji alikuja kunichukua, na koleo la kufukia sufuria ameshika. Nimemfukuza. Alilia pale nje, nikamwambia akalilie kwake.

Tangu mwondoke nakula humo. Asubuhi, mchana, jioni. Nyanya na ndimu, ukiwa umelala. Nakula mbele ya mlango uliovunjika, kila apitaye anione. Nikibaki mzima, mtajua haikuwa sufuria, na mtaniomba radhi. Nisipobaki, hakutakuwa na haja ya mimi kuja huko kumtazama usoni.

Mtoto akijua tena jina lake, niandikie. Hata mstari mmoja.

Wino unakwisha na chakula kinapoa.

Babu yake