Memori Iliyoandikwa kwa Wifi Yako

Shoga, hebu sikia. Wifi yako leo kamkomesha bosi wetu!

Asubuhi seva, ile kompyuta kubwa tunayochangia ofisi nzima, ilijaa memori; mashine pepe za wenzetu, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani yake, zikagoma kuwaka. Bosi alikuwa anawaonyesha wateja programu mpya ukutani. Akaiacha, akamvamia wifi yako mezani: "Wewe ndiye umefungia nusu ya memori! Jina lako hili hapa!"

Jina ni lake kweli. Mfumo huandika memori iliyofungwa kwa aliyewasha mashine, hata kama anayeitumia ni mwingine. Na nani alimtuma aziwashe mashine hizo juzi? Bosi mwenyewe!

Wifi yako akaanza, "Bosi, hizo mashine ni za..."

"Nyamaza! Mwizi wa memori wewe!"

Mwizi! Shoga, MWIZI, mbele za watu!

Wifi yako macho makavu. Akauliza taratibu, "Nizizime?"

"Zima zote! Sasa hivi!"

Akazima zote. Kumbe ndizo zilizokuwa zinaendesha programu ya bosi ukutani; ikakata pap, ukuta mweusi tii.

"Nani kazima?!"

Mteja mmoja, mama mtu mzima, akamjibu: "Si wewe umesema?"

Wifi yako kabeba mkoba wake. Kasema harudi mpaka aombwe radhi, mbele ya wateja walewale.