Mji Alioutoa Fancy

Shika Adabu, Likoni
Alhamisi, 12 Juni 2025
Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Dada yangu Mwanasaumu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lamu, na shemeji kifua kimempoa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza ile achari umeituma au umeila.

Mimi afya ninayo, utulivu ndio sina. Tangu jana nafagia darasa lililokwisha kufagiwa.

Unajua katika chekechea yetu Jumanne ni siku ya wazazi: kila mmoja kwa zamu huja kuwafunza watoto jambo la kwao. Jerioth alitufunza wimbo wa kubembeleza wa Kikuyu, mzee Kai akatuonyesha kusuka ukili. Juzi ilikuwa zamu ya Bi Mwanatabu, nyanyake Abubakar, naye akaja na vitendawili. Watoto waliposhindwa, akadai mji. Fancy, binti wa Clifford yule dereva wa bandarini, akatoa Webuye, kule bara. Bibi akaupokea kwa mbwembwe: amekwenda Webuye, amekula kuku wote, mifupa amewaletea paka wa Likoni. Tukacheka sana. Fancy hakucheka.

Jana Clifford alikuja langoni bila mtoto. Mbele ya wazazi wenzake akaniuliza, ikiwa kwao tumeshamaliza kula, mizigo wafunge lini? Mtoto alilia usiku kucha akidhani wanahamishwa. Bi Mwanatabu, aliyekuwa amemleta Abubakar, akaapa wallahi ni mchezo tu, hata yeye utotoni alitoa Unguja nzima na mpaka leo ipo. Clifford akamjibu kwamba michezo hiyo babake aliiona hapa hapa, ikaanza na vikaratasi milangoni vya kuwaambia wabara warudi kwao. Jerioth akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Leo nusu ya mikeka ilikuwa mitupu. Mwalimu mkuu amesema wasiporudi, siku ya wazazi itafutwa. Lawama zote zimemwangukia Bi Mwanatabu, na leo hakutoka nyumbani.

Sasa dada, nikwambie ambalo halikusemwa langoni. Fancy hakuanza na Webuye. Alitoa Shika Adabu. Ni mimi niliyemkatiza, nikamwambia hapa si kwenu, mama, tupe mji wa kwenu hasa. Nilidhani namheshimu, mpango wetu wote si wa kumfunza mtoto asili yake? Bi Mwanatabu alinisikia, na jana hakunitaja. Nami nikanyamaza.

Jioni hii nimekwenda kwa Clifford nikamweleza. Akasogeza kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema yeye mwenyewe amezaliwa Bofu, hapa hapa Likoni; Webuye amekwenda mara moja, kuzika, na Fancy hajafika kamwe. Hakuniambia kama atamrudisha. Mkewe, Mercyline, ndiye aliyemwita mtoto. Nikamtaka Fancy radhi, nikamwambia alijibu sawa tangu mwanzo. Akaniuliza kama sasa basi Shika Adabu ndiyo italiwa. Nikamwambia hailiwi, tunakaa. Akataka kujua na yeye? Nikamwambia na yeye.

Kesho nitayasema haya langoni, wazazi wote wasikie, kisha niende kwa Bi Mwanatabu kumwomba msamaha. Naogopa. Niombee dua, na unisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Asmaa

Saa saba ya usiku. Nazima taa.