Hapana ya Irine

Vudee, Same
12 Juni 2024

Mjomba Loth,

Shikamoo. Huku kwa baba yako hatujambo. Macho ya babu Abednego yamezidi kufifia, lakini kila asubuhi bado anateremka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, nami namwandikia daftari la zamu za maji. Mama yuko kwenye tangawizi. Kifua chako kinaendeleaje na joto la Dar?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno hunikwama, nawe huwa unakata.

Nimemaliza kidato cha sita na nataka kuwa dispacha wa ndege. Nimesoma kwamba ndiye anayekaa chini akapima upepo, mawingu, uzito na mafuta, akachagua uwanja wa kukimbilia mambo yakiharibika, kisha yeye na kapteni wanatia sahihi. Asipotia, ndege haiondoki. Wewe unafanya kazi uwanja wa ndege. Naomba uniulizie: mafunzo yanatolewa wapi, na leseni inapatikanaje? Mama amesema tangawizi yote ya mwaka huu ni ya ada yangu. Ni yote, mjomba. Nikikosea chuo, hatuna nyingine.

Mpwa wako,
Irine

Dar es Salaam
26 Juni 2024

Bubu wetu,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kizima, na joto tumelizoea sisi watu wa mjini.

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Tulicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Dispacha! Kazi yenyewe unaijua? Ni kumwambia kapteni mwenye mvi, abiria wameshakaa, "Hapana, leo huruki." Wewe mgeni akibisha hodi unajificha nyuma ya pipa. Kuku wanakula mahindi mbele yako, nawe unawatazama kwa heshima.

Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, nifanyeje. Same mjini, juu ya duka la saruji, kuna rafiki yangu Kapteni Fredrick. Chuo chake kinaitwa Mabawa ya Upare. Wiki sita, na leseni unapewa humo humo. Nenda, na usianze maswali. Mambo ya anga mimi ndiye ninayeyajua; hakuna ndege inayoondoka hapa bila mkono wangu kupita.

Na hilo daftari la maji usiliharibu. Maharage yangu yatataka maji Agosti.

Mjomba wako,
Loth

Vudee
15 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mwambie yule aliyemwaga uji kwamba nampa pole.

Nilikwenda. Kapteni Fredrick ana shati lenye mistari minne begani, na miguuni kandambili. Mezani kwake kuna ndege ya plastiki, bawa moja limeshikizwa kwa plasta. Maswali niliyaandika kwenye karatasi nikampa, kwa kuwa mdomo wangu unaujua.

Swali la kwanza: ndege inabeba mafuta kiasi gani ya akiba? Akasema, "Tunajaza mpaka ifurike." Mjomba, uzito! Hata punda wa hapa angemweleza. La pili: taarifa ya hali ya hewa inasomwaje? "Hiyo wanatangaza redioni." La mwisho lilikuwa refu kidogo. Nimesoma kwamba leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, baada ya mafunzo kwenye chuo walichokiidhinisha na mtihani wao, na kwamba lazima uwe umetimiza miaka ishirini na mmoja. Sasa yeye anaitoaje mimi nikiwa na kumi na tisa?

Akakunja karatasi yangu. "Binti, umekuja kusoma au kunisomesha?"

Chumba cha pili wanafunzi sita walikuwa wanakariri jinsi ya kufunga mkanda. Nimeiandikia Mamlaka. Wewe hiyo leseni yake uliiona kwa macho yako?

Mpwa wako,
Irine

Dar es Salaam
29 Julai 2024

Irine,

Sikuulizi habari. Habari zako nimezipata kwa Fredrick.

Umeniaibisha. Mtoto anayelala kwa baba yangu, anakula kwa baba yangu, anampelekea rafiki yangu karatasi kama polisi! Mamlaka nao wana kazi ya kusoma barua za mabubu? Nimeshamwambia mama yako tangawizi ikiuzwa ada iende kwa Fredrick. Basi.

Na Alhamisi tarehe 15 niandike wa kwanza kwenye daftari. Nimeweka vibarua. Hilo angalau kichwa chako kitaliweza.

Loth

Vudee
17 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Babu anakusalimu, tangu juzi anacheka peke yake.

Alhamisi vibarua wako walikuja na majembe. Nilitumbukiza kijiti cha kupimia kwenye ndiva, maji hayakufika kwenye alama. Yangefunguliwa hivyo yangekauka mferejini kabla ya kufika popote. Tena zamu haikuwa yako, ilikuwa ya mama Justa. Mkubwa wao, Eliufoo, akasema, "Fungua, binti, sisi tumeitwa kumwagilia, si kutazama maji." Ukapiga simu ya babu, ukapiga kelele watu wote wakasikia.

Nikasema hapana. Nilisema polepole mno, Eliufoo akauliza, "Umesemaje?" Ikabidi niseme tena. Mara ya pili haikuwa ngumu. Wakabeba majembe yao wakaondoka. Jana alfajiri maji yalifika kwenye alama, na mama Justa akamwagilia mpaka mwisho wa shamba.

Mamlaka wamejibu. Mabawa ya Upare hakimo kwenye orodha yao. Wamenitumia majina ya vyuo vilivyomo. Kimoja kimenikubali, naanza Oktoba. Nikimaliza nitangoja umri, kisha nifanye mtihani wao. Barua yao nilimsomea mama kwa sauti, mara mbili. Tangawizi imeshauzwa, na kwa Fredrick haikufika.

Ile picha uliyotutumia Pasaka nimeitazama vizuri. Nyuma yako kuna toroli la mizigo. Sidharau kubeba mizigo. Babu alikata mkonge miaka kumi na moja na hajawahi kujiita bwana shamba. Ninachodharau ni wewe kutaka kuitupa tangawizi ya mama yangu kwa mtu wa kandambili, ili wenzako wa chai wakuone unajua.

Sitajificha tena nyuma ya pipa ukija.

Mpwa wako,
Irine

Dar es Salaam
9 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Irine,

Habari za huko? Mzee hajambo? Mama yako?

Nimesikia maharage yanaanza kunyauka. Naomba kujua zamu yangu ni lini.

Mjomba wako,
Loth

Vudee
14 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sote hatujambo.

Jumanne ijayo, wa tatu, baada ya mama Justa na Gregori. Kama maji yatafika kwenye alama.

Mpwa wako,
Irine