Injini ya Mjomba Chini ya Maji

Watamu, Jumapili

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti lako limepoa, na bibi anakula vizuri. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, wajua, nitanyamaza, nawe utasema "haya mwanangu" na kukata.

Mama, nimemtaja Mjomba Athmani mbele ya watu. Huenda ameshakupigia. Naomba usikie na upande wangu.

Kazi yangu hapa mradini ni kusikiliza. Kinasa sauti kimefungwa chini ya bahari, nje ya mwamba, na kila wiki mbili Kahindi, mzamiaji wetu, hukileta. Mimi huvaa hedifoni na kuandika saa ambazo nyangumi wamelia. Wamebaki wachache, ndiyo maana twawafuata kwa sauti bila kuwakaribia. Mwezi uliopita niligundua mama na mtoto wake. Mtoto hulia kidogokidogo, kama mlango unaofunguliwa polepole, na mama hujibu kwa sauti ya chini, mara moja tu. Bi Kadzo, mkubwa wetu, alinipa mkono mbele ya wote, kisha akasema mahali hapo pasijulikane na mtu nje ya ofisi. Mashua za watalii zikipajua, zitawazingira.

Mjomba ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza habari za kazi. Kila mchana nikimpelekea chakula ufuoni kwenye mashua yake ya kubebea watalii, hunitania: "Haya mama, bahari imekwambia nini leo? Imenisengenya?" Mimi ambaye shuleni sikuinua mkono hata kwa jibu ninalolijua, kwake nikawa msemaji. Siku moja akasema, "Nionyeshe wako wapi, nikiwa na wageni wangu nipite mbali, nisiwasumbue." Nilisita. Nikakumbuka uliponiaga pale jeti ya Lamu, napanda boti, uliniambia, "Mjomba wako ni babako, usimfiche kitu." Nikamchorea mchangani.

Juzi nilikuwa nasikiliza rekodi mpya. Mtoto analia, mama anajibu. Mara ikaingia injini: inakohoa mara mbili, inashika, halafu inaruka pigo moja kila baada ya muda. Mama, injini ile naijua kama ninavyojua kikohozi cha bibi. Ilizunguka, ikazimwa juu yao, ikawashwa, ikazunguka tena. Mtoto akalia harakaharaka. Kisha kimya. Mpaka mwisho wa rekodi, kimya.

Nilimuuliza Mjomba. Hata hakukana. Alikuwa anamenya chungwa.

"Wageni wangu wataka kuwaona, wewe wataka kuwasikia. Sote twala kwa nyangumi, mama. Tofauti yetu nini?"

"Si ulisema utapita mbali?"

Akacheka. "Na wewe ukaamini?"

Hayo ndiyo yaliyonichoma kuliko injini.

Ningenyamaza, sikufichi. Lakini Bi Kadzo aliposikia rekodi alimshuku Kahindi kuwa ndiye aliyepataja mahali pale, akamwambia akae kwao Dabaso asirudi. Kahindi alikusanya vifaa vyake bila kumtazama mtu. Nikamfuata Bi Kadzo nikasema yote mbele ya watu wa ofisi, injini ni ya nani na aliyemchorea ni mimi. Nilisema kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sauti haikutoka.

Kahindi amerudishwa. Mimi nimeondolewa kwenye rekodi mpaka watakapoamua. Na Mjomba kanitolea begi langu barazani. Nalala kwa Bi Kadzo, chumba kimoja na binti zake.

Najua utaniambia nikamwombe radhi, kwa kuwa ni ndugu yako na amenilisha mwaka mzima. Ukiniamuru nitakwenda. Lakini kwanza muulize, kwa mdomo wako, siku ile alikuwa anacheka nini.

Nisalimie bibi, umbusu mkono. Msalimie dada na mwanawe, na maalimu wangu wa chuo cha Kurani aniombee dua. Hapa huwa naandika kwamba Mjomba naye akusalimu sana. Leo sina salamu zake za kukuletea.

Ni mimi mwanao,
Rukia