Tundu Kwenye Aproni ya Eksirei

Jumatatu, 6 Februari 1995
Filamu kumi na mbili za eksirei leo. Nane zimekauka kwenye kamba, nne bado zinadondosha maji. Mkono, mkono, kifua, paja. Wagonjwa wote wa mjini. Kutoka mtaa wa Kamenge hajafika hata mmoja, wiki ya pili sasa. Vijana wamefunga barabara kwa gogo. Si kwamba kule watu hawavunjiki.

Masista wa zahanati ya huko wametuma barua. Wanapasua watu kutafuta vyuma vya risasi na mabomu wasivyoviona. Nimeisoma mara tatu. Nimekasirika hadi chai ikapoa.

Jumanne, 7 Februari
Mlangoni mwa chumba cha giza nimebandika picha ya yule Bibi mwanasayansi wa Ulaya aliyegundua madini yenye miale. Niliikata kwenye kitabu cha shule, mwalimu akanichapa. Wengine wanamsifu kwa tuzo zake. Mimi nampendea gari. Vita vilipowaka kwao Ulaya, alipakia mashine ya eksirei garini akawafuata majeruhi. Sisi tunayo mashine ya magurudumu, inakula vumbi stoo. Nimemwomba daktari mkuu. Kasema nina wazimu. Hakusema hapana.

Jumatano, 8 Februari
Papa Kasongo, dereva wetu, mtu wa Uvira, amekubali shingo upande. "Mi nitaendesha, Mama Spes. Ila wakianza kupiga, mi nageuza gari. Sitauliza mutu."

Mume wangu sijamwambia. Kwetu Musaga, mtaa wa upande wa pili wa vita hivi, ukitaja Kamenge, watu wanaacha kula.

Alhamisi, 9 Februari
Kwenye gogo wametushusha. Kijana wa kofia nyekundu kaiona aproni yangu. Ni nzito, ina madini ndani ya kuzuia miale ya mashine. Kaipiga ngumi, kafurahi.

"Hii ni ya kukinga masasi, mama."

Nikamwambia hapana, inazuia miale tu, risasi itaipita kama kitenge. Wakacheka wote. Akaivaa, akabaki nayo. Ndipo wakatuachia njia.

Nimepiga picha tisa bila aproni, nikijibanza nyuma ya ukuta wa jiko la masista na waya wa kubonyezea mkononi. Muuza ndagala mmoja, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa amepasuliwa paja mara mbili bure. Kipande cha chuma kilikuwa nyuma ya goti. Kimetoka kwa robo saa. Nimelia kwa hasira, kisha tukaipakia mashine garini.

Jumapili, 12 Februari
Mahubiri sikuyasikia. Yule Bibi wa picha alifanya kazi bila kinga kwa sababu hakujua. Miale ikamla damu hadi ikamuua. Mimi najua. Aproni iliyobaki ni ya hospitali, haitoki nje. Ukuta wa tofali ni ukuta wa tofali tu.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Keshokutwa narudi. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga.

Jumanne, 14 Februari
Picha kumi na moja. Wa mwisho kaletwa kwa machela. Ni yule kijana, kofia nyekundu hana. Aproni yangu anayo, imetoboka ubavuni. Wenzake wanasema asubuhi, walipoanza kupigwa risasi, wao walilala chini. Yeye alibaki amesimama katikati ya barabara.

Papa Kasongo kanivuta mkono. "Umuache. Si ni huyu aliiba?"

Nilitaka kumwacha. Sitajidanganya hapa. Nilitaka kabisa. Halafu nikafungua kamba za aproni mwenyewe, moja moja, zimelowa damu. Risasi nimeikuta chini ya mbavu, pembeni ya uti wa mgongo. Masista wameitoa.

Kabla hawajamlaza usingizi alinitazama. "Mama, uliniambia. Mi sikuamini."

Nikaichukua aproni, nikaipeleka garini.

Jumatano, 15 Februari
Nimeiosha aproni kwa sabuni, maji matatu. Kisha nimeilaza chini ya mashine, kama tunavyofanya kila mwaka kutafuta nyufa. Filamu imetoka nyeupe yote, miale haikupita, ila duara moja jeusi pale risasi ilipopita. Nyufa hakuna. Nimelishona tundu kwa kipande cha aproni kuukuu iliyotupwa stoo.

Alhamisi, 16 Februari
Kwenye gogo wametushusha tena. Aproni nilikuwa nimeivaa. Kabla hawajanyoosha mkono, nimewapa ile filamu. Wakaiinua juani. Wakapeana, mmoja mmoja. Nimewaambia masista wametuma habari, mwenzao jana kanywa uji.

Aproni hakuna aliyeigusa. Wameliinua gogo. Filamu nimewaachia.

Picha nane leo.