Samaki wa Ndani ya Simu

Papa Salama,

Bugali iko chini ya sahani, mboga ndani ya sufuria ndogo. Salama achote maji. Miye nimekimbia sokoni kuchukua simu yangu!

Ndiyo, ile waliyoiba asubuhi kwenye foleni ya maji. Ulishika kichwa, ukasema mwizi atatafuta namba ya mutoto wetu aliyejificha, na wale wa bunduki wanaomutaka watajua yuko ~~Kabalo~~ kule alipo. Lakini humo hakuna "Mama" wala "Mutoto". Kila muntu nilimupa jina la samaki. Mulinicheka sana, wewe na Salama, mulipoona wewe njo Kuhe.

Basi mwizi ameona "Sangala", akazania ni muuza samaki. Akapiga: "Mwenye simu hii amenituma nichukue samaki zake." Kumbe Sangala njo dada yako Maimouna! Hana samaki yangu hata moja, akajua huyu njo mwizi. Akamujibu kwa upole: "Kuja, mutoto wangu, ziko tayari." Amekuja na kikapu kabisa! Sasa hivi wamama wa soko wamemuketisha kati ya mabeseni, na simu iko mukononi mwa Maimouna. Ametuma muntu kuniambia.

Na mutoto wetu? Maimouna ameangalia: hakupigiwa. Nilimuandika Ndagala. Nani atapoteza uniti za kupiga simu kwa kasamaki kadogo vile?

Nikirudi, nataka unisifu mbele ya Salama, kwa sauti.

Karatasi hii usiiache mezani. Washia nayo makala ya jiko: samaki wangu wote wako humu.

Mama Salama