Keila Wetu, Aliyeomba Kulimiwa Shamba Asilokuwa Nalo

Mwaka umetimia, Keila, tangu moyo wako uliposimama kule Chillkani milimani, ukiwa unafunga mlango wa zahanati. Daktari alisema ulizaliwa na kasoro ambayo hakuna aliyeigundua. Mimi niliyekuzaa sikuigundua, maana ulikimbia tangu siku uliyojua kusimama.

Tunakukumbuka ulivyokuwa, si vile watu wanavyowapamba marehemu. Uliimba vibaya. Kwaya yetu hapa Santa Cruz ilikuweka mstari wa nyuma, nawe ukaongeza sauti ili wa mbele wasikose kukusikia. Uliazima viatu vya dada yako Loida ukavirudisha vimepasuka. Lakini hukuwahi kumpita mgonjwa njiani. Tulichelewa harusi mbili kwa sababu yako.

Ulipomaliza uuguzi ukasema Mungu anakutuma kwa watu wa milimani.

"Kwenye baridi ile?" nikakuuliza. "Wewe unayevaa sweta mvua ikinyesha?"

"Mama, Mungu hakuniuliza habari za sweta."

Baba yako Ovidio alicheka hadi akamwaga kahawa. Ukaenda.

Wengi huiona kazi ya umisheni kuwa ni kumpelekea mtu kitu. Nawe ulianza hivyo. Ulitibu watoto wao, ulipanda vilima kwa miguu kuwafunga wazee vidonda, na walipokuletea viazi au jibini ukakataa. "Nimekuja kutumika, si kula chakula chenu," uliwaambia. Uliona huo ndio upendo. Haukupita muda mrefu, zahanati ikabaki na wewe na paka. Ulinipigia simu ukilia kwamba watu wamefunga mioyo yao. Nikakuambia ule kwanza, kulia baadaye.

Kisha Basilia, mke wa Fausto, akashikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Ulisikia kwa jirani ukaenda mbio, gari la misheni likiwa tayari kumpeleka hospitali ya mjini. Mama mkwe wake, Mama Saturnina Colque, akasimama mlangoni.

"Hapiti mtu hapa."

"Mama, atakufa huyu. Na mtoto pia."

"Najua. Lakini kwako hatuchukui tena kitu. Ulimtibu mume wangu, nikakuletea viazi vikavu, vile vizuri nilivyomwekea mwanangu. Ukanirudishia majirani wote wakiona. Sisi ombaomba?"

"Sikutaka kuwalemea, mama."

"Ulitaka nini basi? Utupe, utupe, utupe, na sisi tukae tumekuinamia kama kondoo wanaokunywa maji?"

Kule wanaishi kwa desturi yao ya ayni: leo nakulimia, kesho unanilimia. Anayetoa tu na hapokei amejiweka juu ya wenzake, na nyumba yenye heshima haigusi kitu chake. Wewe ulidhani wameikataa Injili. Walikuwa wanakataa kudharauliwa.

Hapo ndipo ninapokuvulia kofia, mwanangu. Ndani Basilia analia, nawe hukuhubiri, hukugombana, wala hukumsukuma mama wa watu. Ulisema, "Haya, nikimpeleka Basilia, mtakuja kunilimia shamba langu la viazi?"

Fausto akachungulia nyuma ya bega la mama yake. "Shamba lipi, dada? Wewe huna hata tuta la vitunguu!"

"Basi nipeni, kisha mnilimie."

Mama Saturnina anasema alitaka kuendelea na hasira yake, kicheko kikamshinda. "Jamani! Anakataa viazi, anadai shamba zima!" Akatoka mlangoni. "Mbebeni. Fausto, lete blanketi, usisimame kama nguzo!"

Basilia akafanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike, wote wazima.

Nao wakakupa kipande cha ardhi, wakakulimia. Msimu uliofuata ulilima kwao, wakayacheka matuta yako yaliyopinda kwamba yametoka kunywa pombe. Ulikula kila ulichopewa, hata ulichokiogopa. Kwenye misiba yao ulikaa jikoni ukamenya viazi na wanawake. Zahanati ikajaa. Kanisa nalo likajaa polepole, kwa watu waliotaka kumjua Mungu aliyemtuma mtu anayejua kuomba. Nimesoma chuo, nimefundisha darasani miaka mingi, nimesikia mahubiri mengi juu ya unyenyekevu. Sijasikia lililo fupi kuliko lile lako la shamba.

Ulipofariki walichimba kaburi wenyewe. Baba yako alipoomba koleo, Fausto alisita.

"Hii ni zamu yetu, mzee," akamwambia. Kisha akampa. "Lakini chimba kidogo, usije ukakosa sehemu yako."

Baba yako hajawahi kushukuru kitu kama alivyoshukuru koleo lile.

Juzi niliwapigia simu kuwaambia kwamba naandika tangazo hili. Mama Saturnina akauliza, "Sisi umetuweka wapi?"

"Kwa marafiki."

"Tutoe huko. Tuweke kwa ndugu."

"Mama Saturnina, gazeti limetupa nafasi ndogo. Ndugu hutajwa mmoja mmoja."

"Basi punguza sifa zake. Mwenyewe asingejali."

Nimezipunguza, Keila. Nilikuwa nimeandika mengi zaidi.

Wanaokukumbuka ni sisi ndugu zako: mama yako Delicia, baba yako Ovidio, dada yako Loida na kaka yako Abdías, mama yako Saturnina Colque, kaka yako Fausto na wifi yako Basilia, binti yao Rufina, na nyumba zote za Chillkani, ambazo hata baada ya kukata sifa hazikuenea kwenye nafasi hii.

Umo mioyoni mwetu siku zote, mwanangu. Hatutakusahau.